Namna Nilivyopata Mtamba Nkoma

Wengi mmeniuliza kama ni kweli nina ng'ombe Simiyu. Ni kweli. Ni mtamba mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, yuko Nkoma, wilaya ya Itilima, na anaendelea vizuri. Kwa kuwa kila ninayemjibu hivyo hubaki ananitazama, nimeona niandike safari yote mara moja, kwa utaratibu, ili tukikutana tuzungumze mambo mengine.

Kwa wasiojua kazi yangu: mimi ni mlezi katika makao ya watoto hapa Njombe. Kabula aliletwa kwetu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Alitoka Simiyu, ambako ni mbali kiasi kwamba dereva aliyemleta alilala kwanza, chakula akakila kesho yake. Watu huuliza kwa nini mtoto wa Simiyu alelewe Njombe. Jibu ni fupi: kulikuwa na kitanda. Mama yake alikuwa amefariki, bibi yake alikuwa amelazwa na nyonga iliyovunjika, mjomba wake alikuwa amehama na mifugo, na makao ya karibu yalikuwa yamejaa. Mtoto akapelekwa palipokuwa na nafasi.

Siku hizi utaratibu ni kwamba mtoto mwenye ndugu arudi kwa ndugu, kama ndugu wanamtaka na yeye anawataka. Hilo la kutakana ndilo nililotumwa kulitazama. Nimfikishe kwa bibi yake, nikae siku chache, kisha ama nimwache ama nirudi naye. Ofisi ya ustawi wa jamii ya kule ilishazungumza na familia. Sisi makaoni hatukuwa na matumaini makubwa. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba ndugu wa Kabula hawamfuatilii. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuja wala aliyeuliza. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Kabula sasa ana miaka kumi na mmoja. Nilipomweleza safari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Nikikataa, tunarudi?"

"Tunarudi."

"Pamoja?"

"Pamoja."

Akaenda kuvaa sweta la shule, lile jekundu lenye nembo kifuani, akawa tayari.

Njombe hadi Dodoma

Tuliondoka katika ile baridi ya Juni mnayoijua. Kwa zawadi nilibeba kiroba cha viazi mviringo na mfuko wa maparachichi. Maparachichi niliyachagua magumu kama mawe, kwa hesabu kwamba yataiva polepole njiani na kufika yakiwa tayari. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa baridi ya Njombe.

Hadi Iringa hatukuwa na la kusimulia. Baada ya Iringa, jirani yetu kwenye siti, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha kijani, alianza kumwangalia Kabula, kisha mimi, kisha Kabula. Hatufanani hata kidogo.

"Mama, samahani," akasema. "Huyu binti unampeleka kazi za ndani?"

"Hapana. Nampeleka nyumbani kwao."

"Kwao wapi?"

"Simiyu."

Akafikiri. "Lakini wa Simiyu si ndio huletwa huku? Siku hizi wanapelekwa kinyumenyume?"

Nilimweleza kwa kirefu. Naamini kwamba mtu akielezwa vizuri huelewa. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akamgeukia Kabula.

"Mwanangu, huyu mama anakupeleka wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Unamjua bibi yako?"

"Hapana."

Yule mama alifungua kapu, akampa Kabula yai la kuchemsha. La pili akanipa mimi, nadhani kama onyo.

Pale Mtera basi lilisimama ili watu wanunue samaki, na abiria mmoja akashuka kununua perege wa kukaanga. Alikuwa mtu wa kupatana bei. Dereva alipiga honi, abiria wakamwita, yeye akainua mkono mmoja kututuliza bila kugeuka. Aliporudi alimwambia kila aliyemnunia kwamba bei imeshuka, na wengine wakashuka kununua kwa bei hiyo. Tukaingia Dodoma jua likizama.

Gesti tuliyopata ilikuwa na joto. Kabula alilala na sweta lake.

"Livue, mwanangu, utaungua."

"Nitalihitaji tukirudi," akasema.

Dodoma hadi Shinyanga

Kesho yake tairi lilipasuka tulipokuwa tumeipita Singida, tunaelekea Igunga. Tairi la akiba lilikuwepo. Jeki ilikuwepo. Spana ndiyo ilikuwa kwenye basi jingine la kampuni hiyo hiyo, lililokuwa Mbeya. Tukashuka, tukasimama kwenye kivuli cha basi lenyewe.

Hapo ndipo ng'ombe walipopita. Lilikuwa kundi kubwa, lenye pembe za kila aina, likivuka barabara kama lina miadi upande wa pili. Kabula alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa basi. Ng'ombe anayemjua yeye ni mmoja, Neema wa makaoni kwetu, anayekaa bandani, hana pembe, na huletewa majani.

"Wanakaa wapi hawa wote?" akauliza.

"Wanakaa hapo walipo," nikasema. Lilikuwa jibu bora nililokuwa nalo.

Konda alikuwa amesikia tunakokwenda. "Binti wa Kisukuma unaogopa ng'ombe? We rudi zako Njombe ukale viazi!"

Watu wakacheka. Kabula hakucheka. Alinitazama mimi, na nikajua amelisikia neno moja tu katika yale yote, nalo ni rudi.

Spana ilipatikana kwa dereva wa lori la alizeti. Ilipofika saa za kula, tulipewa muda mfupi Nzega. Wali na kuku vilikuwa vizuri, ila kuku alikuwa amefanya mazoezi. Shinyanga tukalala tena. Nilipofungua mfuko wa maparachichi nikakuta yamelainika yote, kana kwamba yaliambiana.

Shinyanga hadi Bariadi

Kwa hiyo asubuhi tulipanda gari la Bariadi nikiwa nagawa maparachichi. Nawashauri mfanye hivyo mkiwa wageni mahali. Kabla hatujafika Maswa nilikuwa najulikana mpaka siti ya nyuma.

Aliyekaa karibu nasi alikuwa mama wa Maswa mwenye jogoo mapajani, amemfunika macho kwa khanga ili asisumbuke. Alimsemesha Kabula Kisukuma. Kabula akamtazama jogoo.

"Hasikii?" yule mama akaniuliza.

"Anasikia. Hajui lugha. Amekulia Njombe."

"Na anakwenda kwa bibi yake? Atamsalimiaje? Atasema shikamoo tu kama mwalimu?" Akaona aibu kwa niaba yetu. "Hapana, haiwezekani. Njoo hapa, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na watu wazima humwita hivyo hata mtoto wa kike kwa mapenzi. Akamfundisha: asubuhi unasema mwangaluka, kuanzia mchana unasema mwadila, ukishukuru unasema wabeja. Na magoti yanakunjwa, na macho yanatazama chini kidogo, lakini si chini sana kama mtu aliyepoteza sindano. Kabula alifanya mazoezi katikati ya siti. Tulipofika Maswa, ambako pamba mpya ilikuwa imerundikwa kila mahali ikisubiri kuchambuliwa, alimsalimia kila aliyepanda. Mzee mmoja aliyeshuka kununua maji alisalimiwa wakati wa kupanda, wa kushuka na wa kurudi. Kila mara aliitikia kikamilifu. Nafikiri ndiyo siku aliyoheshimiwa kuliko zote.

"Sasa unafaa," alisema mama wa jogoo alipokuwa anashuka. Na kwangu akasema: "Ila hilo sweta, mayu. Mtoto anaiva."

Bariadi hadi Nkoma

Mjomba alitupokea stendi ya Bariadi. Anaitwa Masanja, mwanamume mrefu mwenye kofia ya pama na pikipiki mbili, yake na ya rafiki yake. Nilitegemea amkumbatie mtoto. Alisimama mbele yake, akamtazama, akasogea pembeni, akamtazama kwa upande huo, akarudi mbele.

"Huyu ndiye wetu?"

"Ndiye."

"Hajapungua," akaniambia. "Mmemtunza."

Nilisema asante. Rohoni niliona ni salamu ya ajabu kidogo.

Rafiki yake alibeba viazi. Masanja alitubeba sisi. Tulipoacha lami na kuingia njia ya vumbi kati ya mashamba ya pamba, mwiba ukatoboa tairi la nyuma. Masanja alikuwa na vifaa vyote, jambo lililonifanya nifikirie sana kuhusu mabasi. Alipokuwa akiziba tundu akasema, bila kuinua kichwa:

"Ila mayu, mlikaa sana bila kuleta habari. Bibi alisubiri. Kila mwaka baada ya mavuno anasema, mwaka huu watakuja kutuonyesha."

Nilishangaa. "Lakini ninyi ndio mlitakiwa kuja. Sisi tulisubiri mje kumwona. Tukadhani hamumtaki."

Aliinua kichwa sasa. "Tuje tufanye nini?" akauliza, naye kwa mshangao wa kweli. "Tulishamwekesha kwenu."

Tukatazamana. Kabula alikuwa ameketi juu ya jiwe, sweta limefungwa vifungo vyote, akitutazama kwa zamu. Tundu likazibika, tukaendelea.

Nkoma

Bibi Ngollo alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, pamba nyeupe imejaa hadi dirishani nyuma yake. Kabula akakunja magoti, akatazama chini kwa kiasi kilichofundishwa, akasema, "Mwadila."

Bibi aliitikia. Kisha akaendelea. Salamu ya Kisukuma huuliza habari za watu, mifugo, njia na mvua, na kila moja ina jibu lake. Somo la Maswa halikufika huko. Kabula aliendelea kupiga magoti akitabasamu mpaka salamu ikaisha yenyewe.

Bibi hakulia wala hakumkumbatia. Alimwita karibu, akamgeuza, akatazama viganja, meno, akakuta kovu kwenye goti. Masanja alikuwa akitafsiri.

"Anauliza, hili ni la nini?"

"Alianguka kwenye ngazi za bweni."

"Nani alimtibu?"

"Mimi."

"Aliwahi kuugua?"

"Nimonia, mara moja. Baridi ya kwetu ni kali."

"Nani alilala naye?"

"Mimi."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza jambo ambalo Masanja alilitafsiri bila kucheka:

"Na maziwa yake? Mliyafaidi?"

Nikamwomba arudie. Akarudia.

"Bibi anauliza, alipokuwa kwenu mlipata faida gani kwake."

Nilifikiri. "Jumamosi anaosha vyombo. Na anaimba. Wadogo wakikataa kulala, yeye ndiye anayewalaza."

Likatafsiriwa. "Basi hayo ndiyo maziwa yenu," bibi akasema. "Ni halali yenu."

Hapa niwaeleze jambo ambalo mimi nilielezwa baadaye, ili ninyi msihangaike kama mimi. Kule mtu mwenye ng'ombe huweza kumwekesha mmoja kwa mtu mwingine, hata wa mbali. Anayewekeshwa hutunza, hunywa maziwa, hutumia mbolea. Ng'ombe na ndama wake hubaki kuwa wa mwenyewe. Mtunzaji ndiye hupeleka habari: amezaa, ameugua, amekufa, na akifa hupeleka ngozi. Mwenye mali hakimbilii kwenda kuangalia. Akienda kila mara ni kama anamwambia mtunzaji kwamba ni mwizi.

Bibi Ngollo, akiwa kitandani hospitalini, aliambiwa kwamba mjukuu wake atatunzwa Njombe mpaka yeye apate nafuu. Akaelewa vizuri kabisa, kwa namna anayoijua. Miaka yote hiyo alikaa kimya ili asitutukane. Nasi tukakaa tukisema ndugu hawafuatilii.

Lakini hayo, kama nilivyosema, nilikuwa sijayajua. Jioni tulikula ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na maziwa mgando. Kabula alikula amekaa upande wangu. Aliponisogelea kulala, juu ya mkeka kando ya pamba, akauliza: "Tunarudi lini?"

"Tuangalie kwanza," nikasema.

Asubuhi nilikuta viazi vyangu vya Njombe vimekatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mwamba, kama michembe ya viazi vitamu. Bibi alifurahi kwamba nimemletea viazi vingi namna ile, akavihifadhi kwa njia anayoiamini. Kwa ninavyojua mpaka leo viko hapo.

Kulikuwa na upepo wa baridi, na bibi alikuwa zizini na khanga moja mabegani, akichechemea na ile nyonga yake. Kabula alimtazama kwa muda mrefu kutoka nje ya boma la miiba. Kisha akavua sweta, akapita langoni, akiwa amefumba jicho moja kwa sababu ya pembe, akampa. Bibi akalivaa. Mikono ilimfika kwenye viwiko na nembo ya shule yetu ikamkaa katikati ya kifua. Hakulivua tena.

Kwa malipo, nafikiri, akampa Kabula kibuyu akamue. Kumbe kukamua Kabula anajua, Neema alimfundisha. Akaomba maji ya moto ili aoshe kiwele kwanza, kama tufanyavyo bandani. Masanja alipotafsiri, bibi alitaka kujua ng'ombe anaoshwa anakwenda wapi. Kisha akamwonyesha cha kuanza nacho: ndama anyonye kidogo, ndipo mtu akamue. Hawakuwa na lugha moja, lakini walikuwa na ng'ombe mmoja kati yao, na kila siku niliyokaa pale niliwasikia zizini, huyu akisema kwa Kisukuma, yule akijibu kwa Kiswahili, wote wawili wakiwa na uhakika.

Swali la lini tunarudi halikuulizwa tena. Sikujua nifurahi au nisubiri.

Asubuhi ya mwisho majirani walikuja wakakaa. Masanja akaleta kamba, mwisho wa kamba kukiwa na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe.

"Bibi anakupa huyu," akasema.

Mnajua taratibu zetu. Mlezi hapokei zawadi kutoka kwa familia ya mtoto. Nilisimama, nikashukuru, nikaeleza kwa upole na kwa kirefu kwamba tulimlea Kabula kwa upendo, hatuna tunachodai, na siwezi kumpokea ng'ombe. Nilidhani nimesema vizuri. Masanja alitafsiri maneno machache tu ya mwisho, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo mzito.

Bibi akainuka, akaingia ndani, akatoka na begi la Kabula. Akaliweka miguuni pangu. Kisha akakaa na kutazama pembeni, mikono imeshikana juu ya ile nembo.

"Masanja," nikasema, "nimefanya nini?"

"Umekataa." Sauti yake haikuwa na mzaha. "Mtu aliyetunza muda mrefu, siku mwenyewe anapochukua, anapewa mtamba. Akipokea, yamekwisha, mnaachana kwa heri. Akikataa, anasema bado hajaachia. Na mkataba ni mkataba. Bibi anasema, kama hujaachia, mchukue."

Hapo ndipo aliponieleza yale niliyowaeleza ninyi juu, yote, mbele ya watu, na mimi nikiwa nimesimama na begi miguuni. Ofisi, makao, taratibu, vyote vilikuwa vimemaliza kazi yake, na mtoto alikuwa anarudi Njombe kwa sababu ya adabu yangu.

Nilimgeukia Kabula. Hili hakuna wa kulijibu ila yeye.

"Mwanangu, begi lako hili. Nilikuahidi. Ukitaka, tunarudi pamoja."

Kabula alilitazama begi. Akamtazama bibi.

"Sweta langu amelivaa bibi," akasema. "Siwezi kwenda Njombe bila sweta."

"Tunaweza kumwomba."

"Atasikia baridi."

Akalichukua begi, akalirudisha ndani. Nikaishika kamba ya mtamba.

Kurudi

Majirani walipiga vigelegele, na Masanja akapata tena mdomo wake.

"Sasa, mayu, huyu utampandisha siti ya dirishani au utampakata?"

Lilikuwa swali la haki. Nilifikiria Shinyanga, Singida, Mtera na yule mnunuzi wa perege. Ndipo nikaona kwamba nimeshafundishwa la kufanya. Nikaenda mpaka kwenye kigoda, nikakunja magoti kama mama wa Maswa alivyotuelekeza, nikaiweka kamba mikononi mwa Bibi Ngollo.

"Mwambie bibi namwekesha kwake."

Masanja alitafsiri. Bibi alinitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, kicheko cha mtu aliyepatana vizuri. Kisha akataja masharti. Maziwa ni yake. Ndama ni wangu. Akifa ataniletea ngozi. Hapo akavuta mikono ya sweta ambayo haivutiki, akaongeza jambo. Masanja alimwomba arudie kabla ya kutafsiri.

"Anasema, kwa huyu, njoo kumwangalia kila mwaka. Anasema hatachukia."

Makaoni nimetoa taarifa kama inavyotakiwa. Imekubalika kwamba mtamba ni sehemu ya ufuatiliaji wa mtoto.

Jumapili iliyopita Kabula alinipigia kwa simu ya mjomba wake. Kiswahili chake kimeanza kuwa na lafudhi ya kule. Hakuniuliza kuhusu watoto wenzake wala kuhusu Neema. Alianza na habari, kama mtunzaji anavyopaswa.

"Mama, ng'ombe wako mzima. Anakula vizuri. Analala vizuri." Nilisikia bibi akisema kitu nyuma yake. "Na hajapungua. Njoo uone."